Bunduki Tuliyoiita Jembe

Bega langu la kulia lina siku yake moja ambayo halijaisahau mpaka leo, mwanangu, na mvua ikikaribia hapa Buruburu hilo bega hunikumbusha kabla hata mawingu hayajafunga. Nilikuwa kijana, ndevu ndio kwanza zinachungulia, nimesimama mlangoni mwa stoo ya silaha kule Kibwezi, naambiwa, "Ingia, chagua moja." Moja tu! Hiyo ndiyo utakayotembea nayo, awe ni swala wa kitoweo au nyati aliyechachamaa. Hakuna kurudi kila asubuhi kubadilisha kama bibi harusi anayejaribu viatu.

Wewe unanijua kama Mzee Nzioki, dereva mstaafu wa lori, yule anayegombana na watu wa maji kila Jumatatu. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi. Kabla ya lori, kabla ya nchi yetu kupiga marufuku uwindaji, nilikuwa askari wa wanyamapori katika kikosi cha kulinda mashamba. Nyati wakivamia mahindi ya watu, sisi ndio tulioitwa. Usinianzishie mjadala kama kazi ile ilikuwa njema au mbaya. Nchi iliamua, nami nikakabidhi bunduki yangu nikaja Nairobi kutafuta unga kama wenzangu.

Mkuu wa kikosi alikuwa Mzee Musembi, mtu mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha na maneno machache. Katika stoo yake kulikuwa na bunduki za aina tatu, nasi tulizipa majina yetu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kipimo cha 30-06, tukaiita Fimbo. Kwa swala ilikuwa safi kabisa, lakini kwa nyati ungekuwa unamkasirisha bure. Ya mwisho ilikuwa ile kubwa, ya 458, risasi zake nene kama kidole gumba changu hiki. Hiyo tuliiita Baba Mkwe, kwa kuwa kila mtu aliiheshimu na hakuna aliyependa kukaa nayo muda mrefu. Ya katikati, ya 375, iliitwa Jembe. Haikuwa na sifa yoyote ya kuhadithia. Ilikuwa inafanya kazi, basi.

Unadhani nilichukua ipi? Nilimwendea Baba Mkwe moja kwa moja, kifua mbele.

Usinicheke kabla hujasikia sababu. Baba yangu alikuwa mwindaji wa uta na mishale ya sumu, na kwetu Ukambani enzi hizo mwanamume alijulikana kwa uta wake. Uta ambao wenzako wanashindwa kuuvuta ndio uliokupa heshima barazani. Uta wa baba uliwatoa jasho wanaume wenye misuli, wakaurudisha wakijifanya wamekumbuka shughuli nyumbani. Basi mimi nikajua bunduki nayo ni vivyo hivyo. Nzito zaidi, mwanamume zaidi. Kosa hilo asingeweza kulifanya mtoto wa mwalimu au wa karani. Ni kosa la mtoto aliyelelewa na uta.

Mzee Musembi alinitazama, akatazama bunduki, akakohoa. "Mtoto akililia wembe, mpe," akasema, kisha akatutangulia kwenda kwenye mto mkavu nyuma ya kambi.

Sasa nikueleze desturi ya mzee yule, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Kila mgeni alipigishwa shabaha kwenye mchanga wa mto ule, wenzake wote wakiwa wamekaa ukingoni wanatazama. Shabaha ilikuwa debe kuukuu. Risasi hukuzigusa wewe. Mzee mwenyewe alizitoa mfukoni, akaisukuma moja ndani ya bunduki, akakupa mkononi na kusema, "Haya."

Nikapiga ya kwanza. Mama yangu! Nilidhani nimepigwa teke na punda wa kubeba maji. Masikio yalivuma, bega likawaka moto, na debe limesimama pale pale linanitazama. Nikapiga ya pili. Machozi yakanitoka bila ruhusa yangu. Debe halikutikisika. Mzee akapakia ya tatu, akanikabidhi, "Haya." Nikauma meno, nikavuta.

"Tik."

Hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna kitu. Lakini ungeniona mimi, mwanangu! Nilikuwa nimefumba macho yote mawili, kichwa nimekirusha nyuma, mdomo wa bunduki umechimba mchanga, na mguu mmoja uko hewani. Yote hayo kwa bunduki ambayo haikulia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa mara mbili. Kule ukingoni walicheka hadi mmoja akateleza akaingia mtoni.

Ile ya tatu ilikuwa risasi bubu. Ndivyo mzee alivyoiita. Ni ganda zima na kichwa chake, ila ndani hakuna baruti, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima. Aliichanganya na nyingine mfukoni, asijue mtu itaingia saa ngapi.

"Bunduki ikilia," Mzee Musembi aliniambia, "sote tunatazama debe. Ikinyamaza, tunakutazama wewe."

Nilianza kujitetea. Nikasema jua lilikuwa machoni, nikasema nitazoea. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nzioki, mshale wa baba yako ulikuwa mnene kiasi gani?"

"Kama bua la mtama, mzee."

"Uliwahi kumwangusha tembo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa unene wake?"

Nilijua anakoelekea na hakukunipendeza.

"Ungempata kwenye pembe, tembo angeanguka?"

"Hapana, mzee."

"Basi baba yako aliua kwa kufikisha mahali panapotakiwa. Uta ule mzito aliuvuta kwa sababu aliuweza, macho yake wazi. Wewe umebeba usichokiweza, macho umeyafumba. Kesho alfajiri tunaingia kwenye mahindi ya watu, mimi mbele, wewe nyuma. Ukiyafumba tena, kilicho mbele ya mtutu wako ni mgongo wangu. Mimi nina watoto, Nzioki. Rudisha hiyo bunduki."

Hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudisha Baba Mkwe stoo nikiwa nimeinamisha kichwa, nikachukua Jembe. Alasiri yote alinikalisha mtoni. Mara inalia, mara tik, mara inalia, mara tik. Jembe nalo lina teke lake, usidanganyike, lakini ni teke la kaka yako, unaguna na kuendelea. Jua linapotua tik ikaja, na mtutu ukabaki umetulia kwenye debe. Mzee akakohoa, akaondoka bila kusema neno, na kwa Mzee Musembi hizo zilikuwa pongezi.

Kesho yake nyati dume alitoka kwenye mahindi upande tusioutarajia. Mzee aliinama kunipisha, nami nikaona lile bega jeusi la nyati juu ya mtutu, naliona vizuri kabisa, macho yangu yote mawili yako kazini. Nikapiga, nikaongeza nyingine. Akapiga magoti, akalala. Mgongo wa Mzee Musembi ulikuwa mzima. Nilikaa chini kwenye matuta nikacheka peke yangu, kwa furaha tu kwamba sikumuua mtu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu wahenga, lakini siku waliyosema hayo hapakuwa na nyati mbele yao.

Ningeishia hapo kama si huyu mjukuu wangu wa kike, Kavinya, mtoto wa binti yangu Ndunge tunayekaa naye hapa. Kavinya amezaliwa hapa hapa Buruburu, mnyama mkubwa aliyemzoea utotoni ni mbuzi wa Krismasi. Halafu akaenda chuo kusomea mambo ya wanyamapori, na majuzi akapata kazi kusini mwa Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo. Anafundishwa kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kuwinda. Kazi yenyewe ni hii: mgeni akimjeruhi mnyama, wewe ndiye unayesimama kati ya mgeni na huyo mnyama.

Siku chache kabla ya safari alikuja sebuleni na simu yake imejaa video za bunduki. Kampuni ilikuwa imewaambia wanaoanza wachague kila mmoja bunduki moja ya kazi zote.

"Babu, mi nachukua 458," akasema. "Wale maboi wengine wote wameshachukua hiyo. Nikienda na ndogo watanicheka mpaka nirudi Nairobi."

Weh! Nilihisi bega linaniwasha. Nikajiona mwenyewe mlangoni mwa stoo, kifua mbele, tofauti ni kwamba huyu amevaa hereni.

Nikamkalisha. Nikamwambia habari ya Mzee Musembi yote, hata ile sehemu ya mguu hewani, akacheka hadi akalia. Kisha nikamweleza kwa nini ile ya katikati. Nikamwambia 375 ukiitilia risasi ya kichwa laini itamlaza swala, hata pofu yule swala mkubwa kama ng'ombe, bila kukuharibia nyama yote. Ukiitilia ya kichwa kigumu, nzito, itavunja bega la nyati na kuendelea ndani. Inafika mbali kuliko ile kubwa, na risasi zake utazipata karibu kila penye wawindaji. Sheria ya huko kwa wanyama hatari, yeye mwenyewe alinisomea, inaanzia hapo hapo, kwa hiyo si bunduki ya kuombea msamaha. "Lakini usiniamini mimi mzee," nikamwambia. "Nenda kwa mkuu wako, mwombe akuchanganyie risasi bubu, ujaribu zote mbili. Mwili wako utakuambia."

Akasema sawa. Akanikumbatia, akaenda.

Na hapo ndipo dhiki yangu ilipoanza. Ndunge alikuwa jikoni, amesikia kila neno. Basi la mtoto lilipoondoka tu, akanigeukia.

"Baba, hao wanaume wote wamebeba kubwa. Mwanangu peke yake atabeba ya katikati, kwa sababu ya hadithi za Kibwezi. Nyati akimfikia nitamuuliza nani?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, mimi si mtu wa kukosa majibu. Lakini alikuwa sahihi kwa jambo moja. Mimi ndiye niliyesema. Kama mtoto angekufa, angekufa na shauri langu mkononi. Nikaanza kujiuliza, je, nyati wa siku hizi ni wale wale? Je, Mzee Musembi alijua, au alibahatika tu? Chai ikakosa ladha. Wenzangu ninaocheza nao bao wakanifunga asubuhi na jioni, mimi ambaye huwa siwaachii kete. Kule aliko Kavinya hakuna mtandao, simu yake ikawa kimya wiki baada ya wiki, na mimi na Ndunge tukawa tunapishana koridoni tukisalimiana kama wapangaji. Kanisani aliombea "watoto walio safarini" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nami nilijua naambiwa mimi.

Jumamosi moja mchana niko kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, upande wa pili bado. Simu ikalia. Nambari ya kigeni.

"Babu? Unanisikia? Babu, niko sawa."

Nilisimama na kitambaa cha kinyozi shingoni. "Mzee, tulia, nitakukata!" kijana akapiga kelele. Nikamwambia akae kimya, mjukuu wangu anaongea, na Kavinya naye nikamwambia niko kwa kinyozi.

Wameshuka mjini kuchukua mahitaji, akasema, ndio maana amepata mtandao. Mgeni alikuwa amempiga nyati vibaya, naye nyati akaingia kichakani. Wakamfuata, mkuu wao mbele, Kavinya na mwenzake mmoja nyuma. Nyati akatokea ubavuni, anakuja. Mkuu akaanguka, mguu umenasa kwenye mzizi. Mwenzake mwenye 458 akapiga, risasi ikapita juu ya mti.

"Alifumba macho, Babu," Kavinya akasema. "Nilimwona."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa naona kila kitu. Hata kupe kwenye sikio lake. Nikapiga begani, nikapiga tena. Akaanguka karibu na buti za mkuu, kama kutoka hapo kwa kinyozi hadi kwa yule mama wa chapati."

Nikachungulia nje. Mama wa chapati alikuwa pale pale, anageuza chapati zake. Nikarudi kitini bila kuambiwa.

"Hakuna aliyeumia?"

"Hakuna, Babu. Mkuu ana mchubuko tu." Kisha akacheka, kile kicheko cha kulia alichocheka sebuleni. "Siku ya kwanza nilimwomba anichanganyie risasi bubu kama ulivyosema. Na ile kubwa niliruka! Mguu hewani, Babu, kama wewe. Maboi walinicheka ile mbaya. Nikairudisha mwenyewe, nikachukua 375. Sasa hivi wote wamemwomba mkuu awajaribu tena, na wawili wameshabadilisha."

Nililia, mwanangu. Mbele ya kinyozi, mbele ya wateja wanaongoja zamu, mzee mzima nusu nywele nusu upara. Sikuona haya hata chembe. Mzigo uliokuwa kifuani ulishuka wote kwa mara moja, nikahisi njaa niliyoikosa wiki zote zile. Nilitoka vile vile na kichwa changu cha nusu, nikampita mama wa chapati, nikakata kona hadi nyumbani, watoto wa mtaa wananipigia mbinja nyuma.

Ndunge alifungua mlango, akakiona kichwa, akashika mdomo. "Baba! Umefanyaje?"

"Kavinya ni mzima," nikasema. "Zungumza naye, bado yuko hewani."

Akaichukua simu kwa mikono miwili. Alisikiliza yote amesimama mlangoni, na ilipofika habari ya nyati akaketi kwenye kizingiti. Alipomaliza alinirudishia simu, akanipangusa nywele zilizonimwagikia begani. Bega lile lile.

"Baba," akasema, "huyo mzee wako wa Kibwezi alikuwa anaitwa nani tena?"

"Musembi."

"Kesho kanisani nitamtaja."

Akatutengenezea chai. Ilikuwa na ladha, jamani. Nilikunywa vikombe hadi nikasahau kwamba kinyozi ananidai nusu ya kichwa.

Basi, mwanangu, nisikilize vizuri. Ukiwa kweli unakwenda kwenye kazi hiyo ya bunduki, na leseni yako mkononi, na ukaambiwa chagua bunduki moja ya wanyama wote wakubwa, usianze na mnyama mkubwa kuliko wote ukaishia hapo. Anza na wewe mwenyewe. Tafuta kipimo ambacho sheria inakikubali kwa mnyama hatari, na ambacho mwili wako unaweza kukipiga asubuhi, mchana, ukiwa umechoka, ukiwa umetishika, macho yako yakiwa wazi. Kwa watu wengi hapo ndipo inapokaa 375, nami sijaona sababu ya kubadilisha maneno. Akija mwenye mabega ya kumudu kubwa zaidi, asichekwe, aipige. Lakini ajaribiwe na risasi bubu kwanza, kama tulivyojaribiwa sote. Na mwingine akikuta hata 375 inamfumba macho, aseme mapema, apewe kazi nyingine, kwa sababu aliye mbele yake ana watoto.

Ukimcheka mtu kwa udogo wa bunduki yake, ujue unamsukuma kuiacha ile inayomfaa. Ngoma ivumayo haidumu. Nimewahi kulidharau Jembe mimi, na Jembe ndilo lililonirudishia Mzee Musembi mzima, likanirudishia na Kavinya.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkuu wa kukukemea mapema, tena mbele ya watu, kabla pori halijakukemea. Akupe bega la kustahimili na jicho la kukaa wazi. Na siku utakayovuta bunduki ikasema tik, wenzako wote wamegeuka kukutazama, wakukute umesimama wima, miguu yote miwili iko chini.